Jiko Lisiloanguka

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea kusoma, simama uende mahali pa kupikia nyumbani mwako. Kama umelazwa hapa hospitali, mwambie anayekuuguza afanye neno hili akirudi nyumbani. Moto ukiwa umezimika na mbabula imepoa, weka sufuria kubwa juu yake. Itie maji mpaka karibu na ukingo. Kisha uisukume kando kwa vidole viwili, kama mtoto asukumavyo. Je, imesimama? Au imetikisika na maji yamemwagika?

Kama imetikisika, mafundisho haya yameandikwa kwa ajili yako. Kwa maana siku maji hayo yatakapokuwa yakichemka, hayatamwagika chini tu. Yatamwagika juu ya mtoto aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni yule mdogo, ambaye bado hajajua kukimbia.

KWA NINI WATOTO HUUNGUA VIBAYA

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka katika dunia yote kwa sababu ya kuungua. Wengi wao wako katika nchi zisizo na mali nyingi, kama yetu. Wengi huunguzwa nyumbani, wala si vitani au katika ajali za barabarani.

Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Maji yenye joto la digrii 60 bado hayajachemka, lakini huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Maji yachemkayo hufika digrii 100. Mafuta ya mawese yakiwa motoni hupita hapo mbali. Tena mchuzi mzito, kama sombe yenye mafuta, hushikamana na ngozi wala haushuki upesi kama maji, basi huendelea kuunguza.

Fikiri pia kimo cha mtoto. Mtoto anayeanza kusimama hutafuta kitu cha kushika ili ajiinue. Kwake ukingo wa mbabula ni kama ukingo wa kiti. Mpini wa sufuria ukielekea kwake, ataushika. Hafanyi hivyo kwa utundu. Mungu amemuumba ajifunze kwa kushika, na mtoto asiyeshika kitu ndiye tungemletea daktari.

Hapa Kisangani tunapika karibu sana na watoto. Huko Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga, jamaa kadhaa hukaa katika kiwanja kimoja. Mbabula tatu au nne huwaka pamoja uani. Mvua ikinyesha, kila mama huibeba yake upesi hadi barazani au ndani ya nyumba, huiweka popote penye nafasi, na watoto nao hukimbilia hapo hapo kujikinga na mvua. Saa hiyo ndiyo ya hatari.

MAMBO MANNE YAANGUSHAYO SUFURIA

La kwanza ni miguu. Kitu chenye miguu mitatu hukaa daima, hata kama ardhi haiko sawa. Ndiyo maana wazee wetu walipika juu ya mawe matatu, wala si manne. Chenye miguu minne hutikisika mguu mmoja ukiwa mfupi au umepinda. Mbabula nyingi zina miguu minne ya bati, nayo hupinda kwa joto.

La pili ni ardhi. Mahali palipokuwa sawa wakati wa kiangazi huchimbwa na maji ya mvua. Chungulia chini ya mbabula yako. Labda umeegemeza mguu mmoja kwa kipande cha tofali au cha ubao. Kipande hicho kitateleza siku moja.

La tatu ni sufuria kubwa juu ya jiko dogo. Siku ya wageni, au ya matanga, tunaazima sufuria ya jirani yenye upana mara mbili ya mbabula yetu. Ukiweka mwiko mzito upande mmoja, uzito wote huvuta huko.

La nne ni mkono wa mpishi. Kusonga fufu au kuponda lituma kunahitaji nguvu. Anayesonga sufuria ikiwa juu ya mbabula huisukuma na kuivuta mara nyingi bila kujua. Iondoe kwanza motoni. Iweke chini ndani ya tairi kuukuu la gari, nalo litaishika pande zote. Ndipo usonge kwa nguvu zako zote.

NAMNA YA KUIFUNGA MBABULA

Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji nusu ya siku.

Chagua mahali pamoja pa kupikia, penye paa juu na upepo wa kutosha, mbali na njia ambayo watoto hupitia. Sawazisha ardhi na uishindilie kwa mchi. Leta udongo wa kichuguu, kwa kuwa hushikamana vizuri ukikauka. Uponde, uchanganye na maji na majani makavu yaliyokatwa, kama ufanyavyo kwa ukuta wa nyumba. Jenga jukwaa la udongo au la matofali, kimo cha goti la mtu mzima au zaidi. Juu yake acha shimo ambamo mbabula itaingia mpaka nusu ya miguu yake, kisha uizungushie udongo pande tatu. Upande wa nne uache wazi, ili hewa iingie na majivu yatoke. Ukiuziba, makala hayatawaka vema na moshi wenye sumu utazidi.

Kama huna budi kuihamisha mbabula kila siku, tafuta karai pana la chuma, hata lililotoboka. Litie mchanga kimo cha kiganja, na uisimamishe mbabula ndani yake mpaka miguu yote izame. Mchanga utaishika, na makala yakianguka yataangukia humo. Wawili na walibebe likiwa limepoa. Lakini usiingize mbabula yenye moto katika chumba cha kulala kilichofungwa. Makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua jamaa nzima usingizini.

Ukipikia kuni juu ya mafiga, chimba kidogo chini ya kila jiwe, ulizamishe theluthi moja ya kimo chake, ushindilie udongo pembeni. Jiwe lililozama haliviringiki.

Mwisho, weka mpaka. Simika fito za mianzi kuzunguka mahali pa moto, hatua mbili au tatu kutoka jiko, na uache mlango mmoja wenye kizuizi. Mnawajengea kuku na mbuzi uzio ili wasipotee. Moto nao uzungushiwe wake, ili mtoto asipotee.

JIKO LENYE TANURI

Katika nyumba nyingine za mjini liko jiko la namna nyingine. Ni sanduku la chuma lisimamalo lenyewe sakafuni. Juu yake pana mahali pa kuweka sufuria nne, na ndani yake mna tanuri la kuokea mikate. Hutumia gesi ya chupa, au umeme kama ule utokao katika maporomoko ya mto Tshopo. Wenye jiko hilo hudhani kwamba haliwezi kuanguka kwa kuwa ni zito. Wamekosea.

Sanduku hilo laonekana zito, lakini ndani ni tupu. Mlango wake hufunguka kwa kushuka, ukakaa kama meza mbele ya miguu. Mtoto akiukanyaga ili aone kilichomo sufuriani, au mtu akiuwekea sinia zito, uzito wote huwa mbele ya miguu, na miguu ya nyuma huinuka. Wewe mkaaji wa kando ya mto Kongo wajua jambo hili. Mtumbwi hauzamishwi na uzito tu. Watu wachache wakiegemea upande mmoja waweza kuupindua. Jiko nalo hupinduka hivyo, na sufuria zote zilizo juu huteleza na kumwangukia yule aliye mbele.

Huko Marekani watoto na wazee walikufa kwa njia hii. Kwa hiyo tangu mwaka 1991 kanuni za usalama za huko zataka jiko jipya la namna hii, likiisha kufungwa ipasavyo, libebe uzito wa kilo 113 juu ya mlango uliofunguliwa lisianguke. Linaloliwezesha ni kipande kidogo cha chuma kilichokunjwa kama kiwiko, kinachoshika mguu wa nyuma. Mara nyingi jiko jipya huuzwa pamoja na kipande hicho. Lakini likiuzwa tena kwa mtu wa pili na wa tatu, chuma hicho hupotea, na hakuna anayekiulizia.

Kama unalo jiko la namna hii, fanya hivi:

1. Zima umeme au funga chupa ya gesi. Lipoe kabisa. Waondoe watoto.

2. Sawazisha miguu yake minne, mpaka lisitikisike hata kidogo.

3. Mwambie fundi akunje chuma kama kiwiko, akifunge kwa skrubu katika sakafu ya saruji, kishike mguu wa nyuma usiinuke. Au afunge mnyororo mfupi wenye nguvu kutoka chuma cha mgongo wa jiko mpaka kulabu iliyoingia sana katika ukuta wa matofali. Ukuta wa udongo hauwezi kushika kulabu. Katika nyumba ya udongo, funga mnyororo kwenye nguzo ya mti iliyosimikwa ardhini.

4. Mnyororo usiguse waya wa umeme wala mpira wa gesi.

5. Lijaribu. Shika sehemu ya juu upande wa nyuma, ulivute mbele polepole. Miguu ya nyuma isiinuke. Ikiinuka, kazi bado.

6. Kila mara ulisogezapo kwa kufagia, hakikisha kwamba mguu umerudi chini ya chuma chake.

Tena usiufanye mlango wa tanuri kuwa meza. Elekeza mipini ya sufuria ukutani, na chakula kichemkacho kikae upande wa nyuma.

MWENYE KIFAFA NDANI YA NYUMBA

Mtoto siye peke yake aangukaye motoni. Katika mkoa wetu wako wengi wenye kifafa. Mgonjwa huyo aweza kuanguka ghafula apikapo au aotapo moto. Moto ulio chini humpokea mzima mzima, lakini jukwaa la udongo na uzio humwokoa mara nyingi.

Wengine huogopa kumgusa mtu aliyeanguka kifafa, wakidhani mate yake huambukiza. Basi humtazama akiungua. Ndugu yangu, kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusa. Mvute kutoka motoni mara moja. Kumbuka habari ya kijana katika Marko 9, ambaye ugonjwa wake ulimtupa motoni na majini mara nyingi. Bwana Yesu hakusimama mbali. Alimshika mkono akamwinua. Kisha mlete mgonjwa hospitali, kwa maana iko dawa ya kila siku izuiayo kifafa, naye aweza kuishi na kufanya kazi kama wengine.

MTOTO AKIUNGUA

Mwondoe mahali pa moto. Mvue nguo zilizolowa, na bangili, shanga na kamba za kiunoni kabla hajavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiibandue. Kata iliyobaki kuizunguka.

Mmwagie maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Si dakika mbili. Joto liliingia ndani ya nyama, na maji hulitoa polepole. Ndiyo sababu yafaa bido moja ya maji ikae karibu na jiko daima. Mwili mwingine ufunike kwa kitenge asishikwe na baridi.

Usipake mawese, wala dawa ya meno, wala yai, wala majivu, wala matope, wala mkojo. Vitu hivi huzuia joto kutoka na huingiza uchafu kidondani. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi au kukaushwa juani. Kama ameamka, mpe titi au maji anywe.

Kisha mlete, kwa toleka au kwa pikipiki au kwa mtumbwi, kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe. Kiganja hicho pamoja na vidole vyake ni karibu sehemu moja kwa mia ya ngozi yake yote. Mlete hata kama kidonda ni kidogo, kikiwa usoni, shingoni, mkononi, mguuni, sehemu za siri, au mahali pa kukunja kiungo. Ngozi iliyokuwa nyeupe au nyeusi wala haiumi ni mbaya kuliko iumayo. Uliza pia juu ya sindano ya pepopunda. Vidole na shingo visiponyoshwa wakati wa kupona hukunjwa na kovu, na mtoto hataweza kushika kalamu wala jembe. Kwa hiyo usimtoroshe hospitali kabla ya wakati.

USITAFUTE MCHAWI

Sasa tuseme neno lililo gumu. Mtoto anapoungua, mara nyingi swali la kwanza la jamaa ni hili: “Nani amefanya jambo hili?” Kisha macho huwageukia bibi mzee, au mke wa baba, au mtoto yatima aliyelelewa humo kwa hisani. Wako watoto katika mji wetu waliofukuzwa nyumbani kwa maneno ya namna hiyo, nao walala sokoni. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto yawaadhibu wamshitakio mtoto uchawi. Lakini Mkristo asingoje sheria. Kumshuhudia jirani uongo ni dhambi, hata kama jirani huyo ana miaka saba.

Kabla ya kumtaja mtu, nenda ukatazame miguu ya mbabula. Tazama mguu uliopinda. Tazama kipande cha tofali kilichoteleza. Umeona? Basi umemjua adui. Adui huyo haondolewi kwa kumfukuza yatima, wala kwa kulipa fedha kwa nabii. Huondolewa kwa udongo na mchi. Ukimfukuza mtoto na kuiacha mbabula, umepoteza mtoto wa pili, na wa tatu angali hatarini.

AMRI YA UKUTA WA DARI

Wengine husema, “Mungu ndiye alindaye. Tuombe tu.” Tuombe kweli. Lakini soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa bapa, ambapo watu waliketi na kulala. Mungu aliwaamuru kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie dari ukuta mdogo, mtu asije akaanguka. Asipofanya hivyo na mtu akaanguka, damu yake itakuwa juu ya nyumba hiyo.

Angalia, Mungu hakumlaumu aliyeanguka. Alimwuliza mwenye nyumba. Vivyo hivyo katika Kutoka 21, mwenye kuchimba shimo asilifunike hulipa ng'ombe aliyetumbukia. Na katika Kutoka 22:6, aliyewasha moto ukateketeza mavuno ya mwingine hulipa. Ikiwa Mungu alihesabu ng'ombe na mavuno, je, hatahesabu mtoto? Kuimarisha jiko si kukosa imani. Ni kumtii yeye aliyeamuru ukuta wa dari.

Wewe baba, usiseme kwamba mambo ya jikoni ni ya mama. Amri ile aliambiwa ajengaye nyumba. Mama ndiye apikaye, lakini nyundo na jembe viko mkononi mwako. Mtoto akiungua wakati ambapo mama alikwenda kuchota maji, usimpige wala kumtukana. Jiulize ni nani aliyeona mguu wa mbabula umepinda mwezi mzima.

Kumbukeni pia kazi iliyofanyika Yakusu, chini kidogo ya mji wetu kando ya mto. Dr. Clement Chesterman alifika huko mwaka 1920, wakati malale yalipokuwa yakimaliza vijiji. Yeye na wauguzi Wakongo hawakungoja wagonjwa wabebwe mpaka mlangoni. Waliwaendea vijijini, wakawapima na kuwatibu mapema, na malale yalirudi nyuma. Kuungua nako kwapaswa kuzuiwa huko nyumbani. Sisi wauguzi twaweza kufunga kidonda, lakini hatuwezi kurudisha ngozi ya kwanza. Wewe waweza kuilinda leo.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Je, mbabula yako yasimama bila kutikisika sufuria ikijaa?

2. Je, sufuria yako kubwa yatosha juu ya jiko lako, au yalipita upana?

3. Je, uko uzio kati ya moto na mtoto atambaaye?

4. Je, iko bido ya maji karibu na jiko wakati wote wa kupika?

5. Kama unalo jiko lenye tanuri, je, mguu wake wa nyuma umeshikwa?

6. Je, jirani yako mjane au mzee anaye mtu wa kumjengea jukwaa la udongo?

Swali la sita na liulizwe katika mkutano wa akina baba, wao wagawane nyumba. Jumamosi moja yatosha kwa kiwanja kimoja. Na mtu aliyejibu “hapana” kwa swali lolote, asingoje Jumamosi. Na aanze leo, kabla ya kuwasha moto wa jioni.